Bili ya Mstari Mmoja

Konda akimpunja mwanachuo chenji ya mia mbili, ajue hiyo safari ina kelele. Watabishana kuanzia Tazara mpaka Buguruni, abiria wataingilia, na mwisho ile mia mbili itarudi. Sasa mchukue mwanachuo huyohuyo, mpeleke na mbwa wake kwenye kliniki ya mifugo. Anapewa kikaratasi kimeandikwa "Matibabu: 185,000". Anatoa simu, anatuma hela, anasema "asante daktari", anaondoka. Ukimuuliza njiani kalipia nini hasa, atakushangaa: "Si matibabu?"

Mimi nasema hivi. Kliniki yoyote ya wanyama inapaswa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, mchanganuo wa bili baada ya kumaliza, na nakala ya kumbukumbu za mnyama wako ukiziomba. Karatasi tatu tu. Zikikosekana, siku mnyama akifa mteja anakuwa hana cha kuuliza na daktari anakuwa hana cha kujibia. Kinachobaki ni kila mtu kumwita mwenzake mwizi.

Mfano ninao wa hapa nyumbani. Kwenye nyumba tunayopanga huku Chang'ombe, wanachuo wanne pamoja na familia ya mwenye nyumba, tulikuwa na mtoto wa mbwa aliyeitwa Mtajiju. Jina alipewa na mama mwenye nyumba kwa ajili ya majirani fulani, hayo tuyaache. Alipofika wiki ya 7 tulimpeleka kliniki moja upande wa Kinondoni. Akachomwa chanjo, akapewa kadi, na kwenye kadi ikaandikwa tarehe ya kurudi: mwaka mmoja baadaye. Alipofika wiki ya 13 akaanza kutapika na kuhara damu. Tukapanda naye bajaji mpaka kliniki ileile. Akalazwa Jumatatu jioni. Jumatano alfajiri tukapigiwa simu kwamba amekufa.

Tulipokwenda kumchukua tukaikuta ile bili ya mstari mmoja. Tukaomba kuona karatasi zake za matibabu, tukajibiwa kwamba hizo ni za ofisi. Mmoja wetu alitaka kuwasha moto palepale mapokezi. Mwingine alishafungua simu, anataka kuitundika kliniki nzima kwenye status. Aliyetutuliza ni mama mwenye nyumba, tulipompigia. Alisema: "Wanangu, lipeni, daini risiti, mrudi nyumbani mwandike barua. Sasa mnasoma nini huko chuo kama barua hamwezi?"

Tukaandika. Aya tatu, tukapeleka kwa mkono, tukasainiwa nakala. Siku ya tisa ukaja mchanganuo: kumwona daktari 15,000, kipimo cha parvo 30,000, dripu na vifaa vyake 35,000, sindano 25,000, kulaza siku 4 kwa 20,000 kila siku, 80,000. Jumla 185,000 kamili. Hesabu imekaa vizuri, tatizo ni kwamba mbwa alilala usiku wa Jumatatu na usiku wa Jumanne, basi. Siku nne zimetoka wapi? Hawakubishana sana. Walirudisha 40,000. Kuhusu kipimo cha parvo, tuliuliza majibu yako wapi. Wakasema kipimo kilifanyika ila majibu hayakuandikwa mahali. Hapo hatukurudishiwa kitu.

Sasa tuliweke jambo hili mezani, kwa sababu ugomvi wa namna hii huwa ni magomvi mawili ambayo watu huyafunga kwenye fundo moja. Kuna ugomvi wa matibabu: je, mnyama alihudumiwa inavyopaswa? Na kuna ugomvi wa bili: je, nimetozwa kwa kilichofanyika, kwa bei niliyoijua? Unaweza kushinda mmoja ukashindwa mwingine. Mbwa anaweza kutibiwa vizuri sana na bili ikawa ya ujanjaujanja. Na bili inaweza kuwa safi kama maji ya kisima wakati mbwa ameuawa na uzembe.

Tuanze na matibabu. Kufa kwa mbwa, peke yake, si ushahidi wa chochote. Parvo ni ugonjwa wa virusi uliojulikana kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa dunia nzima ndani ya muda mfupi. Unashambulia utumbo na chembe za kinga. Dripu, antibayotiki na sindano za kuzuia kutapika haziui hivyo virusi. Kazi yake ni kumshikilia mgonjwa: asikaukiwe maji, bakteria wasipenye kwenye damu kupitia utumbo ulioharibika, mwili upate muda wa kupigana wenyewe. Wapo wanaopona, wapo wanaokufa hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya. Kwa hiyo hoja ya "tumelipa na bado amekufa" haina miguu. Pale mapokezi hatununui uhai. Tunalipia kazi ifanywe kwa uangalifu na mtu anayeijua.

Ila chanjo ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwa maziwa ya mama yake, na kinga hiyohiyo inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Itaisha wiki gani, kwa macho huwezi kujua. Inatofautiana kwa kila kijibwa. Ndiyo maana utaratibu unaofuatwa na madaktari wa mifugo duniani ni kuanza chanjo wiki ya 6 hadi ya 8, kisha kurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Kadi ya Mtajiju ina muhuri mmoja wa wiki ya 7 na tarehe ya kurudi mwaka unaofuata. Hapo hakuna "alisema, hakusema". Ipo kwa mwandiko wao wenyewe.

Ukiangalia vizuri utaona kitu. Tulikuwa na malalamiko kama saba hivi. Kwamba usiku hapakuwa na mtu wa kumwangalia mgonjwa. Kwamba aliyemtundikia dripu hakujitambulisha. Kwamba tulipopiga simu Jumanne tuliambiwa anaendelea vizuri. Yote yaliishia hewani, maana hayana maandishi. Yaliyosimama ni mawili tu, siku za kulaza na kadi ya chanjo. Siku za kulaza zilisimama kwa sababu ya mchanganuo tuliouomba kwa barua. Chanjo ilisimama kwa sababu kadi ilibaki nyumbani kwetu.

Swali linalofuata: nani anayemgusa mnyama wako? Mtaani kwetu kila mwenye bomba la sindano ni "dokta", na kila aliyewahi kuchanja kuku ni "bwana mifugo". Sheria haioni hivyo. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania, na Baraza ndilo linalosajili madaktari wa mifugo, wataalamu wasaidizi, na vituo vyenyewe. Daktari wa mifugo ni mtu aliyesoma shahada, kwa mfano pale Sokoine, Morogoro, ambako kozi hiyo ni ya miaka 5. Mtaalamu msaidizi amesoma stashahada au cheti, na mipaka yake ya kazi inajulikana. Simdharau msaidizi, mifugo mingi ya nchi hii iko hai kwa sababu yake. Ila kama nimelipia kumwona daktari, nina haki ya kujua kama niliyemwona ni daktari. Kuuliza "samahani, wewe umesajiliwa na Baraza kama nani?" si utovu wa adabu. Aliyesajiliwa atajibu kwa sekunde mbili.

Baraza hilo ndilo pia la kupelekewa malalamiko ya mwenendo wa kitaaluma. Lakini tusidanganyane: kazi yake ni nidhamu. Linaweza kumchunguza daktari, kumwonya, hata kumwondoa kwenye daftari. Usiende kule ukidhani utarudishiwa pesa ya bajaji.

Kwa upande wa pesa, kuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 na Tume yake ya Ushindani, FCC. Tukiisikia FCC wengi tunafikiria bidhaa feki za Kariakoo. Sheria hiyo inakataza pia mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na huduma imo. Kumtoza mtu kipimo ambacho hakikufanyika, au siku ambazo mgonjwa hakulala, ni jambo la kuulizwa kwa jina hilo. Na kuna risiti. Kauli ya TRA ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" haikuishia kwa wauza simu. Kliniki ya mifugo ni biashara kama nyingine. Meseji ya muamala kwenye simu inaonyesha hela imetoka kwako; haionyeshi imelipia nini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Basi tuwatazame hao Wazungu, maana na wao yamewashinda. Mwaka 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kuichunguza biashara ya matibabu ya wanyama wa nyumbani. Ilipouliza maoni ilipata majibu kama 56,000 kutoka kwa wafugaji na wafanyakazi wa kliniki. Malalamiko hayohayo ya Chang'ombe: bei hazijulikani kabla, bili hazieleweki. Mwaka 2024 wakafungua uchunguzi rasmi, na mwaka 2025 wakatoa mapendekezo, miongoni mwao kliniki zitangaze bei zao, zitoe makadirio kwa maandishi kwa matibabu ya gharama kubwa, na zitoe bili yenye mchanganuo. Nchi yenye bima za mbwa na hospitali za paka inahangaikia karatasi zilezile tatu. Kwa hiyo si ushamba wetu, na si umaskini wetu.

Sasa nije kwa hoja ninayoisikia kila nikiliongelea hili kantini: "Mwanangu, mbwa tu huyo. Watu wanakosa dawa Mwananyamala, wewe unalilia mbwa koko?"

Naielewa. Nina ndugu wanaopanga foleni Temeke tangu alfajiri. Lakini hoja hiyo ndiyo mto ambao kliniki mbovu inalalia. Kwa sheria zetu mnyama ni mali, na mali hulipwa kwa bei yake. Mbwa wa nasaba aliyenunuliwa Masaki ana bei. Mtajiju aliokotwa nyuma ya gereji, bei yake sokoni ni sifuri. Mahakamani utadai fidia ya sifuri? Tazama basi ukorofi uliopo hapo: mbwa wetu hana thamani siku ya kudai, ila ana thamani ya 185,000 siku ya kutozwa. Kama ni "mbwa tu", bili nayo ingekuwa ya mbwa tu. Na dola yenyewe haikusema "mbwa tu". Ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, kwa kukubali kwamba mnyama anaumia na kuna mtu anayewajibika kwa maumivu hayo.

Kuna sababu nyingine, na hii inamhusu hata asiyependa mbwa, hata anayevuka barabara akimwona. Kichaa cha mbwa. Kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa anakufa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo unaukata mnyororo. Asilimia 70 ya mbwa wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju hawamilikiwi na matajiri. Wanamilikiwa na akina mama mwenye nyumba. Mtu akiona amepigwa 185,000 kwa maelezo ya mstari mmoja, mwakani hapeleki mbwa kuchanjwa. Ataona bora liende. Mbwa huyo asiyechanjwa atakapomng'ata mtoto wa shule, hakuna atakayekumbuka kwamba habari ilianzia kwenye bili. Imani ya mteja ni sehemu ya kinga ya mji.

Na madaktari wenyewe? Nimeongea na kaka mmoja aliyemaliza Sokoine, sasa amejiajiri. Anasema wateja wa Dar wana mambo. Mtu anakuja na mbwa siku ya tano ya kuhara, ameshamjaza vidonge vya binadamu, halafu anataka apone leo kwa elfu kumi. Wengine wanamwacha mnyama na kuzima simu. Chanjo inataka friji, friji inataka umeme, pango linataka kulipwa miezi sita mbele. Yote hayo ni kweli, na kazi yao lazima ilipwe. Mtu aliyesoma miaka 5 asiombwe "punguza bosi" kama muuza nyanya. Lakini mchanganuo unamlinda yeye kabla ya kunilinda mimi. Kama ameandika saa aliyotundika dripu, dawa aliyochoma na kiasi chake, majibu ya kipimo, na saa aliyompigia mwenye mbwa kumwambia hali ni mbaya, nani atamshika shati? Anayejua alichofanya hashindwi kukiandika. Kaka huyo huwapa wateja wake makadirio kwa WhatsApp kabla hajagusa sindano, na anasema ugomvi wa bili kwake umepungua sana.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, ukifuga au ukiishi na wanaofuga, fanya hivi. Kabla mnyama hajaguswa, uliza: mnashuku nini, mtafanya nini, itafika shilingi ngapi, na ikizidi mtanipigia? Majibu yaombe kwa meseji. Kadi ya chanjo ikae kwako, isiachwe kliniki. Akilazwa, andika saa ya kuingia na saa ya kutoka, na jina la aliyempokea. Ukilipa, dai risiti ya EFD na mchanganuo.

Akifa na una mashaka, usikimbilie kuzika. Uchunguzi wa mzoga ndio ushahidi pekee unaobaki, na unataka uwahi: mzoga uhifadhiwe kwenye ubaridi bila kugandishwa, upelekwe siku hiyohiyo. Sisi wa Temeke tunapita kila siku kituo cha daladala kiitwacho Vetenari. Jina hilo limetokana na maabara ya serikali iliyopo pale, ambayo leo iko chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Wengi wetu tumeshuka pale mara mia kwenda Tandika na hatujawahi kujiuliza ndani kunafanyika nini. Na afanye uchunguzi mtu asiye na uhusiano na kliniki unayoilalamikia.

Kisha andika barua. Kliniki kwanza, uipe siku za kujibu. Jambo la taaluma lipeleke Baraza la Veterinari. Jambo la kutozwa kwa hila lipeleke FCC. Yetu ya chanjo tunaiandaa kwenda Baraza, na kadi ya Mtajiju ndiyo kiambatisho namba moja.

Kuhusu status na Instagram, jamani, tulieni. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kusambaza habari za uongo ni kosa. Ukimtaja mtu kwa jina kwamba ameua mbwa wako huku huna hata karatasi moja, kesho mlalamikiwa ni wewe, na kliniki ndiyo itakayokuwa na mchanganuo wa hasara zake, mstari kwa mstari.

Serikali yetu ya wanafunzi inatusaidia kuandika barua za bumu likichelewa. Iongeze na hili. Wapo wanasheria watarajiwa humu wanaotafuta kesi za kujifunzia, na hii haihitaji joho wala wigi. Nakala ya barua yetu, jina la kliniki likiwa limefutwa, nimeiacha ofisi ya jarida hili. Ina aya tatu: tulimpeleka lini na akiwa na hali gani, tulilipa nini, tunaomba nini. Anayeihitaji aje anakili.